Samaki mmoja, majina sita: Kwa nini faili yako ya Excel inahitaji orodha ya kuchagua

Fungua faili yoyote ya rekodi za samaki iliyopitia mikono ya watu zaidi ya watatu, shuka kwenye safu ya aina ya samaki, kisha anza kuhesabu. Kuna Omena. Kuna OMENA, ya yule aliyesahau kuzima herufi kubwa. Kuna Omena yenye nafasi tupu mwishoni ambayo jicho haliioni. Kuna Omenna, kuna Omea, na kuna Dagaa, kwa sababu karani wa siku hiyo aliamua kuandika Kiswahili sanifu.

Mimi na wewe tunajua huyo ni samaki yuleyule mdogo anayeanikwa juani kuanzia Dunga hadi Muhuru Bay. Kompyuta haijui. Kwa herufi kubwa na ndogo Excel inaweza kukusamehe, lakini kwa nafasi tupu na tahajia haina huruma. Ukiiambia ijumlishe omena ya mwezi mzima, itakuletea ile iliyoandikwa sawasawa. Iliyobaki itakaa humohumo ndani ya faili, haijafutwa, haijaibwa, ila haimo kwenye jumla. Halafu mtu anaketi ofisini mbele ya hiyo jumla na kutangaza kwamba samaki wamepungua.

Kama uko Kisumu na una laptopu inayowaka, kazi ya namna hii utakutana nayo tu. Leo ni daftari la ufuo, kesho ni michango ya chama cha akina mama wa soko la Kibuye, kesho kutwa ni fomu za bursari ama za mradi wa shirika fulani lililokodi nyumba Milimani. Ni kibarua cha kuingiza data, na wasee wengi wa Kondele, Manyatta na Nyalenda wamelipia kodi nacho. Cheti hakiulizwi sana. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza na bado napigiwa simu. Kinachoulizwa ni faili itafika lini na kama hesabu zinaingiana.

Dawa ya haya yote imo ndani ya programu tangu zamani, na ni ya bure. Kamusi inaziita faili hizi lahajedwali. Mtaani ni Excel tu, hata kama ulichonacho ni Google Sheets ama LibreOffice. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa orodha ya kuchagua, ambayo wataalamu wa Kiswahili cha kompyuta wanaiita menyu kunjuzi. Ni kile kisanduku ambacho ukikigusa kinatoa kimshale pembeni. Bonyeza kimshale, majina uliyoyaandaa mapema yanashuka, unachagua moja, unasonga mbele. Hakuna kuandika, kwa hivyo hakuna kukosea kuandika.

Kuitengeneza hakuchukui dakika tano. Ongeza karatasi ya pili ndani ya faili yako, uipe jina Orodha. Kwenye safu ya kwanza andika samaki wako, kila mmoja mstari wake: Mbuta, Ngege, Omena, Kamongo, Mumi, Fulu. Rudi kwenye karatasi ya kazi, uchague safu nzima ya aina ya samaki ukiacha kichwa chake, uende Data, kisha Data Validation. Palipoandikwa Allow chagua List, na palipoandikwa Source nenda ukaburute juu ya yale majina ya samaki. Bonyeza OK. Imeisha. Kwa Google Sheets ni Data, Data validation, Add rule, halafu Dropdown from a range. Kwa LibreOffice neno la kutafuta ni Validity. Sasa mtu akiandika Omenna, Excel inamkatalia. Google Sheets inakuachia uamue: imwonye tu, ama imkatalie kabisa. Chagua kukataa. Onyo watu hulipita kama matangazo ya YouTube.

Video nyingi zitakufundisha kuandika majina moja kwa moja pale kwa Source, ukitenganisha kwa mkato. Kwa Ndiyo na Hapana ni sawa. Kwa kitu kinachoweza kukua ni kujitafutia maneno: Excel inakomea herufi 255 hapo, na kila jina jipya likija lazima urudi kwenye menyu. Ile karatasi ya pili ukiigeuza kuwa Table kwa Ctrl+T, jina utakaloongeza chini litaingia kwenye orodha lenyewe.

Hayo ni ya kiufundi, na yako mtandaoni kwa lugha zote. Kigumu ni nini hasa unaandika kwenye hiyo karatasi ya pili. Hapo video haitakusaidia, kwa sababu aliyeirekodi hajawahi kusimama Dunga asubuhi boti zikirudi.

Tuanze na daftari lenyewe. Fuo za ziwa upande wa Kenya zina BMU, vikundi vya kusimamia ufuo vilivyopewa nguvu na kanuni za mwaka wa 2007. Mojawapo ya kazi zake ni kusaidia kuweka rekodi ya kinachoshuka: boti gani, samaki gani, uzito gani, bei gani. Aliyeshika kalamu amesimama, mikono imelowa, wavuvi wanamharakisha, wachuuzi wanamharakisha zaidi. Anaandika "12". Kumi na mbili nini?

Mbuta anapimwa kwa kilo, hakuna shida. Omena inapimwa kwa chochote kilicho karibu: karai, ndoo, debe, gorogoro. Kwa hivyo orodha yako ya pili, kabla hata ya kufikiria kitu kingine, ni ya vipimo. Na tafadhali usimlazimishe karani abadilishe karai kuwa kilo kichwani. Atakupa namba, ndiyo, lakini itakuwa namba ya kukuondokea. Mwache achague Karai, halafu wewe tafuta mizani, mpime karai la ufuo huo pamoja, na hesabu ya kubadilisha uifanye kando. Karai la Dunga si lazima liwe sawa na karai la Luanda Kotieno.

Kosa la pili la orodha nyingi ni kuuliza maswali mawili kwa pumzi moja. Utakuta mtu ameandika Omena, Omena kavu, Omena mbichi, Ngege, Ngege wa kukaangwa, Mbuta, Mbuta mbichi. Baada ya wiki orodha ina majina thelathini na karani anachagua la kwanza analoliona. Samaki gani ni swali moja. Yuko katika hali gani ni lingine. Yape safu mbili, kila moja na orodha fupi, na utashangaa vile kazi inaenda haraka.

Sasa sikia hii ya Obunga, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Mbuta anapofika kiwandani, minofu hukatwa na nyingi husafirishwa nje ya nchi. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na nyama iliyong'ang'ania mifupa. Akina mama wa Obunga hununua hayo masalio, huyakaanga na kuyauza. Kisumu nzima inayajua kwa jina la mgongo wazi. Kuna familia zimesomesha watoto kwa mgongo wazi.

Niliwahi kupewa faili ya kusafisha, ya utafiti mdogo wa bei za sokoni. Maagizo yalikuwa yale ya kawaida: punguza majina, yaingize kwenye orodha moja safi. Karatasi ya maelekezo iliyotumwa na aliyeandaa utafiti ilikuwa imepanga kwamba mgongo wazi ni Mbuta. Kwa mtu wa mbali inaonekana sawa tu. Mbuta si mbuta? Lakini ukifanya hivyo, bei ya mbuta kwenye jedwali inaporomoka kama jiwe, kwa sababu umechanganya samaki mzima na mifupa yake. Na kibaya zaidi, biashara nzima ya hao akina mama inafutika. Ripoti ikitoka, Obunga haimo. Mtu akija na mkopo, ama na jiko bora la kukaangia, ataangalia ripoti na kusema sokoni kuna wauza mbuta, wauza ngege na wauza omena. Basi.

Nilimpigia aliyenipa kazi, akaelewa, mgongo wazi ukapata mstari wake. Simu ya dakika mbili. Lakini jiulize ni faili ngapi zimepita kwa mtu ambaye hajui mgongo wazi ni nini, ama anajua lakini hataki kusumbua bosi.

Ndiyo maana kabla ya kutengeneza orodha yoyote, anza na uchafu. Chukua data iliyopo, itie kwenye fomula ya UNIQUE (Google Sheets inayo, Excel mpya pia), ikuonyeshe kila namna watu walivyoandika. Pitisha TRIM kwanza ili nafasi tupu zisikuchezee. Kisha kaa na mtu wa sokoni ama wa ufuoni, mpitie jina kwa jina. Omenna ni kosa la kidole, litupe. Dagaa ni jina lingine la samaki yuleyule, liunganishe. Mgongo wazi ni kitu kingine kabisa, kiache. Kompyuta haiwezi kukutofautishia haya matatu.

Ngege naye ana mambo yake. Zamani wavuvi wa hapa walikuwa na majina tofauti kwa samaki wa jamii ya tilapia: ngege alikuwa yule mwenyeji wa ziwa, mbiru alikuwa mwenzake, na nyamami ndiye aliyeletwa baadaye. Wenyeji wakaadimika, mgeni akatawala, na jina la ngege likamhamia. Leo ukiagiza ngege unaletewa nyamami, na hakuna anayelalamika kwa sababu ni mtamu. Lakini kwenye faili, neno Ngege peke yake halitoshi tena. Kuna ngege aliyevuliwa ziwani, kuna aliyefugwa kwenye vizimba vilivyotapakaa ziwani siku hizi, kuna wa bwawa la shambani, na kuna yule aliyegandishwa aliyetoka China kwenye katoni. Huyo wa China amezua kelele hadi mwaka wa 2018 Rais Uhuru Kenyatta akamzungumzia hadharani. Wavuvi wanasema anawaharibia bei. Wanaweza kuwa sahihi, lakini utaonyeshaje kama wote wameandikwa Ngege? Ongeza safu ya Chanzo yenye majina manne: Ziwani, Kizimba, Bwawa, Kutoka nje. Maneno manne tu, na ubishi wa miaka unaanza kuwa na hesabu.

Majina yenyewe yanabadilika ukivuka mpaka. Mbuta wa Kenya ni sangara Tanzania na mputa Uganda. Omena ni dagaa Mwanza na mukene Jinja. Ngege ni sato kule kwa Watanzania. Ziwa ni moja, samaki hawana pasipoti, na sisi Kenya tunamiliki kama asilimia 6 tu ya maji hayo. Nchi hizo tatu zilitia saini hapahapa Kisumu, tarehe 30 Juni 1994, mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, ambalo makao yake yako Jinja. Huwezi kujumlisha samaki wa nchi tatu kama kila mmoja anamwita jina lake. Lazima kuwe na orodha moja nyuma ya pazia.

Na hapa kuna mbinu tamu ambayo wanaotumia KoboToolbox kwenye simu wanaijua. Fomu ya Kobo inaweza kutengenezwa kwa Excel, na ina karatasi inayoitwa choices, ambayo si kitu kingine ila orodha ya kuchagua. Kila chaguo lina sehemu mbili: jina la ndani, ambalo halibadiliki, na lebo, ambayo mtu anaiona. Jina la ndani linaweza kuwa omena milele. Lebo unaweza kuiweka kwa Dholuo, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na mtu wa Mwanza akaona Dagaa. Kila mtu anachagua kwa lugha yake, data inaingia kwa jina moja. Kama umeelewa orodha za Excel, nusu ya kazi ya Kobo tayari unaijua, na mashirika hulipa kwa hiyo kazi kuliko kwa kuchapa.

Lakini orodha ina upande wake mbaya, na lazima usemwe. Ikishawekwa, kisichokuwa ndani yake hakipo.

Mfano mkubwa kuliko yote ziwani ni fulu. Kwa mvuvi, fulu ni wale samaki wadogo wa rangi rangi. Kwa wanasayansi, fulu walikuwa zaidi ya spishi 500, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Mbuta alipowekwa ziwani katikati ya karne iliyopita na baadaye kuongezeka, kufikia miaka ya 1980 mamia ya hizo spishi zilikuwa zimetoweka au kukaribia kutoweka. Kwenye rekodi za samaki walioshushwa fuoni, wote hao walikuwa mstari mmoja. Fulu. Unaona mstari unapungua, lakini huoni kwamba ndani ya huo mstari kuna viumbe wanaisha mmoja baada ya mwingine. Sisemi karani wa Dunga angeandika spishi 500. Hakuna mtu ana huo muda. Nasema tu orodha fupi ina bei yake.

Upande wa watu, angalia sensa ya 2019. Ilikuwa ya kwanza Kenya kufanywa kwa tableti, na vijana wengi walipata kibarua hapo. Sensa za awali, kwenye swali la jinsia, kulikuwa na mwanamume na mwanamke. Mwaka huo likaongezwa chaguo la tatu, la watu wenye jinsia mbili. Matokeo yakaonyesha watu 1,524. Unaweza kubishana kama idadi ni ndogo kuliko hali halisi, na mimi nadhani ni ndogo, kwa sababu si kila mzazi atamwambia mgeni mlangoni. Ila hao watu hawakuzaliwa 2019. Walikuwepo kwenye kila sensa, wakiingizwa kwenye kisanduku kisicho chao kwa sababu chao hakikuwepo.

Kwa hivyo weka chaguo la Nyingine, daima, na pembeni yake safu ya Taja ambapo mtu anaandika kwa maneno yake. Halafu usome. Wengi huweka Nyingine na kuisahau, ikawa jalala. Kila Ijumaa ipitie. Kitu kikijirudia mara tano humo, kipandishe kwenye orodha.

Tukitoka samaki, orodha itakayokusumbua zaidi Kisumu ni ya mahali. Mtu anaandika Nyalenda. Nyalenda gani? Nyalenda A iko Kisumu East, Nyalenda B iko Kisumu Central. Ni majirani, watu wanavuka barabara kwenda kununua chapati, lakini ni wadi mbili, kaunti ndogo mbili, wawakilishi wawili na mifuko miwili ya bursari. Fomu ya mwanafunzi ikisema Nyalenda tupu, anaweza kukosa pande zote mbili, kila ofisi ikisema ni wa wenzao.

Hapo unahitaji orodha inayofuata nyingine. Mtu akichagua Kisumu Central, orodha ya pili imletee Railways, Migosi, Shaurimoyo Kaloleni, Market Milimani, Kondele na Nyalenda B tu. Akichagua Kisumu East, ije Kajulu, Kolwa East, Kolwa Central, Manyatta B na Nyalenda A. Kwa Excel, kila kundi la wadi unalipa jina la kaunti ndogo yake, halafu kwenye Source ya safu ya pili unaandika =INDIRECT(SUBSTITUTE(A2," ","_")). Ile SUBSTITUTE ni kwa sababu Excel haikubali nafasi tupu kwenye jina la kundi, kwa hivyo kundi lenyewe linaitwa Kisumu_Central. Mtego wake ni huu: mtu akishachagua wadi, kisha akarudi kubadilisha kaunti ndogo, wadi ya kwanza inabaki palepale. Utapata Kondele ya Nyakach, omera, na hakuna onyo litakalotokea.

Kuna na majina ya watu. Hapa nawahurumia waweka hazina wa vyama. Achieng' ana king'ong'o mwishoni. Mmoja anaandika Achieng, mwingine Achieng' kwa alama iliyonyooka, mwingine anachapa kwa simu inayoweka alama iliyopinda. Kwa macho ni yuleyule. Kwa kompyuta ni watu watatu. Mama ameweka akiba yake mwaka mzima bila kukosa, Desemba ikifika gawio linahesabiwa, na fomula inampa mchango wa miezi saba. Ile mitano iko kwa jina la Achieng mwingine asiyekuwepo. Na chama kinaweza kuwa na akina Achieng' wanne wa kweli.

Dawa si kuandika jina kwa uangalifu zaidi. Mpe kila mwanachama namba, na orodha ya kuchagua iwe na namba na jina pamoja: 014 Achieng' Dunga, 022 Achieng' Nyamasaria. Mweka hazina anachagua, hachapi. Ukiwa hapo, ifanye safu ya namba za simu iwe Text, la sivyo sifuri ya mbele inaliwa na siku ya kutuma pesa namba zote zina tarakimu tisa.

Tabia ya Excel ya kujifanya inajua unachotaka imewatesa hata wakubwa. Wanasayansi wa jeni walichoka kuona jina SEPT1 likigeuzwa kuwa tarehe ya Septemba, na mwaka wa 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikatangaza kanuni mpya. SEPT1 sasa ni SEPTIN1. Yaani ilikuwa rahisi kubadilisha jina la jeni kuliko kubadilisha Excel. Kwetu sisi shida ni tarehe zenyewe. Laptopu nyingi za mitumba zimewekwa mpangilio wa Marekani, kwa hivyo 5/3 uliyoandika ukimaanisha tarehe 5 Machi inasomwa tarehe 3 Mei. Kwa omena hilo si dogo, kwa sababu Kenya hufunga uvuvi wake kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Ghafla ufuo mzima unaonekana ulivua msimu uliofungwa. Data Validation ile ile inaweza kuzuia tarehe pia: badala ya List chagua Date, weka mwanzo na mwisho wa kipindi chako.

Mambo mawili yatakuharibia kazi hata kama umefanya yote haya. La kwanza ni kubandika. Ukinakili kisanduku kutoka faili nyingine na kukibandika juu ya kisanduku chenye orodha, Excel inafuta ile kanuni kimyakimya na kuingiza takataka. Bandika kwa Paste Values angalau kanuni ibaki, halafu tumia Circle Invalid Data, iliyo kwenye menyu ileile ya Data Validation. Itachora duara jekundu kwa kila kisichokubalika. Hiyo pia ndiyo njia ya kukagua data ya zamani, maana orodha mpya haigusi kilichoingizwa kabla yake. Google Sheets huweka kipembe chekundu kwenye kona ya kisanduku chenye kosa.

La pili ni watu kuichezea orodha yenyewe. Mtu anaona jina analolitaka halipo, anaenda karatasi ya pili anaongeza Omenna kwa mkono wake. Ifiche hiyo karatasi, uifunge kwa Protect Sheet. Lakini namba ya siri usibaki nayo peke yako. Vijana wengi wa hii kazi huhama. Leo uko Kisumu, mwezi ujao umeitwa Nairobi, simu imebadilika. Kikundi kinapata mwanachama mpya na hakuna anayeweza kumwongeza, kwa hivyo anaanza kuandikwa kwa jina la shemeji yake. Namba ya siri iandikwe kwenye jalada la ndani la daftari la katibu, na umkalishe chini mara moja umwonyeshe jinsi ya kuongeza mstari.